Malkia Wasiotaga wa Nasabani

Katika nchi ya Nasabani hakuna mtu wa heshima asiyejua jina la babu wa babu yake, na hakuna malkia wa nyuki mwenye nasaba anayetaga ipasavyo. Mambo haya mawili yameishi pamoja vizazi na vizazi, nyumba kwa nyumba, na hakuna Mnasaba aliyewahi kuuliza kama yanajuana.

Kalunde aliingia nchi hiyo na mzinga mgongoni na haraka moyoni. Mzinga ulikuwa wa gome, umezibwa mdomo kwa kitambaa, na ndani yake nyuki walivuma mvumo mbaya, wa mfululizo, usio na kituo. Kila mrina asali anaujua mvumo huo: ni kilio cha nyumba isiyo na mama. Kule kwao Isumbilo moto wa nyika ulikuwa umeteketeza mizinga yote isipokuwa huu mmoja, na malkia wa huu mmoja naye akafa kwa moshi bila kuacha yai bichi ambalo nyuki wangeweza kulilea. Nyuki waliofiwa huzeeka upesi. Wasipopata mama mwingine wamekwisha, na wakiisha, maboga ya Isumbilo yatachanua na kupukutika bila kushika tunda. Ndiyo maana watu wake walimtuma yeye, mwanamke mwenye mkono mtulivu na ulimi usiotulia, aende akatafute malkia katika nchi inayosifika duniani kwa malkia.

Langoni hakuulizwa anatoka wapi wala anataka nini. Aliulizwa amezaliwa na nani, na huyo naye na nani, na huyo naye na nani. Alimtaja mama, akamtaja bibi, akamtaja aliyemzaa bibi, kisha akaishiwa. Mlinzi akamtazama kwa huruma na kumwelekeza mahali pa kutembea. Barabara za Nasabani zina sehemu mbili: katikati, palipotandazwa mawe, wanapita wenye ukoo mrefu; pembeni, kwenye mtaro wa maji machafu, wanapita hamali, yaani wale ambao majina yao huisha mapema. Kalunde akatumbukia mtaroni na mzinga wake. Maji yalimfika vifundoni. Alitembea kwa kasi kuliko waliokuwa juu, jambo ambalo baadaye aliambiwa ni utovu wa adabu.

Aliyempokea katika Kasri la Malezi alikuwa Bwana Dhuria, Mnasibu Mkuu wa nchi, mtunza nasaba zote, mzee nadhifu mwenye joho jeupe linaloburuzika na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Alifurahi kuonyesha. Malkia wote wa nyuki wa Nasabani, alieleza, hulelewa chini ya paa hilo, kwa kuwa mzinga ni mfano wa dola, na dola isiyojua asili ya mtawala wake ni genge la wahuni.

Kasri lilikuwa la marmari tupu, sakafu hadi dari, na lilikuwa baridi kiasi kwamba Kalunde alijikuta akiukumbatia mzinga wake kama mtoto. Akauliza kwa nini nje hapana hata mti. Hapo zamani, akaambiwa, palikuwa na msitu wa miti ya maua pande zote, lakini ulilizuia Kasri lisionekane kwa mbali, basi ukafyekwa, na mahali pake pakawekwa Uwanja wa Heshima. Akauliza nyuki wanakula nini. Wanakula maji ya sukari nyeupe, iliyochujwa. Chavua ni vumbi, ingechafua marmari. Akauliza mbona wanalea malkia wakati huu wa kiangazi, wakati hata mbuzi hana jani la kutafuna. Bwana Dhuria akashangaa. Huu ndio mwezi ambao Bibi Mtukufu, mtawala wa nchi, alikalia kiti. Je, mgeni alitaka malkia wazaliwe katika mwezi usio na maana?

Basi Kalunde akaomba kuwaona walezi. Kwa kawaida malkia hunyweshwa maziwa na nyuki wachanga, wale wenye manyoya bado, ambao hawajawahi kuruka. Hao ndio wenye maziwa. Katika Kasri alionyeshwa nyuki wazee, vipara, mabawa yamechanika, wakizungukazunguka juu ya sega kama wastaafu wanaosubiri kuitwa majina. Ulezi wa malkia, alieleza Bwana Dhuria, ni cheo, na cheo hupatikana kwa utumishi wa muda mrefu. Wachanga hawana uzoefu.

“Hawana uzoefu, lakini wana maziwa,” Kalunde alisema.

“Maziwa yapo kila mahali, bibie. Busara ndiyo adimu.”

Lakini lililomkosesha raha kabisa ni Kisomo. Watu wengi hawajui kwamba malkia na nyuki mtumishi hutoka katika yai la aina moja. Yai likianguliwa na kuwa kifunza, kile kinachowekwa katika chumba kipana na kunyweshwa maziwa bila kukoma tangu mwanzo huwa malkia. Kile kinachochelewa huwa mtumishi. Ni suala la siku chache, na kila saa ina uzito wake. Sasa Wanasaba walikuwa na desturi kwamba kifunza hakihamishiwi katika chumba cha malkia kabla nasaba yake haijasomwa yote. Wasomaji walisimama mbele ya sega, wakaimba mama wa mama wa mama, kwa vituo, kwa mahadhi, wakapumzika kula, wakarudi, wakakosea, wakaanza upya. Walipofika mwisho, kifunza kilikuwa kimenenepa kwa chakula cha watumishi na njia yake imeshakatwa. Hapo ndipo kilipobebwa kwa kijiko cha fedha na kutawazwa.

Malkia waliotoka humo walikuwa wembamba, wenye matumbo mafupi, hawatofautiani sana na vijakazi wao. Ndoa zao nazo zilifungwa ndani, katika chumba cha hariri, wakati malkia wa nyuki haolewi ila angani akiruka. Kwa hiyo walibaki wanawali, na mayai ya mwanamwali hutoa madume tu. Mizinga ya Nasabani ilikuwa imejaa madume, wanene, wapole, wanaokula na kuvuma na kutofanya lolote. Kalunde alipoinua macho kutoka kwenye mizinga hiyo akawaona wajumbe wa Baraza wamekaa barazani wakipepewa, akaona ni heri anyamaze.

Baraza lenyewe lilikuwa likikutana kila siku kujadili balaa hilo. Upande mmoja ulishikilia kwamba malkia wanadhoofu kwa sababu nasaba ya mama inasomwa kabla ya ile ya baba. Upande wa pili ulitaka kinyume chake. Ugomvi ulikuwa wa miaka, na familia zilikuwa zimeachana kwa ajili yake. Kalunde, ambaye hakualikwa kusema, aliwaambia kwamba dume la nyuki halina baba kabisa. Lina babu, lakini baba halina. Wazee wakaziba masikio. Mmoja akaomba maji. Bwana Dhuria alimtetea mgeni kwa upole, akasema kwamba mtu ambaye majina yake huishia kwa mama wa bibi hawezi kulaumiwa kwa kutoona mbali.

Siku hiyohiyo akamletea malkia, katika kitundu cha pembe. Ni zawadi, alisema, malkia wa tumbo la arobaini kwa hesabu ya kina mama. Kalunde akamtazama mara moja tu.

“Huyu hatagi.”

“Ni wa tumbo la arobaini.”

“Hata angekuwa wa tumbo la elfu, Bwana Dhuria. Nyuki wangu wanakufa. Nikiwapa huyu nitakuwa nimewapa jeneza na mapambo yake. Nipe kipande cha sega chenye vifunza, kutoka mzinga wowote wa hamali, ambako nyuki hujilelea mama zao wenyewe. Nitalea mwenyewe.”

Mnasibu Mkuu alicheka hadi joho likamtikisika. Kilichomchekesha hakikuwa ubaya. Kwake ilikuwa kama mtu ameomba ruhusa ya kuotesha dhahabu kutoka kwenye punje za mtama. Takataka za hamali hazina sheria, alisema; achukue atakacho.

Hamali aliyemkaribisha aliitwa Mwana Rehani, mjane anayetengeneza mishumaa ya Kasri kwa nta ya mizinga yake michache. Nyumba yake ilikuwa bondeni, mahali mitaro yote ya mji inapomwagikia, na kwa sababu ya maji hayo ua wake ulikuwa wa kijani wakati mji mzima umekauka. Ulikuwa umefunikwa na kishonanguo kilichochanua. Mjini mmea huo ulikatazwa, kwa kuwa mbegu zake hushika kwenye majoho ya watu wenye hadhi. Kwa Mwana Rehani haukuwa na wa kuukataza, na nyuki walitoka humo wakiwa na mafundo ya chavua ya njano miguuni kama watu wanaotoka sokoni.

Kalunde hakupumzika. Alichagua sega lenye vifunza vilivyotoka kwenye yai saa hiyo, vidogo kama alama ya mkato iliyolala kwenye tone la maziwa. Akakata ukingo wa sega ili nyuki wapate nafasi ya kujenga vyumba vya kuning’inia. Akakung’uta ndani ya mzinga wake nyuki wachanga wa Mwana Rehani, wengi, mpaka wakabanana na kupashana joto. Akauweka mzinga ukutani panapopigwa na jua la asubuhi na kukingwa na upepo. Kisha akatega sikio. Mvumo ule mbaya ulipungua, ukapungua, ukageuka kuwa sauti ya watu walio kazini.

Nyuki walitulia, yeye hakuweza. Alizunguka ua, akaushika mzinga kupima joto, akauacha, akarudi. Akamwaga sufuria ya nta. Akazozana na jogoo.

“Kaa chini, dada,” Mwana Rehani alisema. “Hata huyo malkia ataogopa kutoka akisikia miguu yako.”

“Siwezi kukaa.”

“Naona. Kwenu wote mko hivi, au walimtuma mmoja tu ili wenzake wapumzike?”

Kwa siku zaidi ya kumi nyuki walijenga na kulea vyumba kadhaa, kila kimoja kama ganda la karanga lililoning’inizwa. Kwa kuwa malkia wa kwanza kutoka huwachoma wenzake wangali vyumbani, Kalunde alibakiza kimoja mzingani, akakata kingine kizuri, kilichoiva, akampa mwenyeji wake kuwa shukrani ya ua na sega. Alimwonyesha namna ya kukibeba: kifuani, chini ya kanga, ncha ikiangalia chini, bila kukitikisa, kwa maana joto la kifua cha mtu ni karibu sawa na joto la katikati ya mzinga. Mwana Rehani akakipokea kama mtu aliyekabidhiwa mjukuu, na tangu hapo akawa anatembea polepole.

Asubuhi iliyofuata malkia wa mzingani akatoka. Alikuwa mrefu, mwekundu wa kahawia, tumbo limechongoka, miguu imara, anatembea juu ya sega bila kuomba njia. Hapo ndipo Kalunde angepaswa kufunga mzinga wake na kwenda. Mwana Rehani alimwambia hivyo kwa maneno yasiyo na mafumbo: umepata ulichokijia, ondoka kabla jua halijawa kali, aruke harusi yake mbele ya safari. Lakini kicheko cha Bwana Dhuria kilikuwa bado kinamwasha masikioni. Alimtia malkia katika kitundu cha mwanzi na kupanda mjini, na hakupita mtaroni. Alipita katikati ya barabara, juu ya mawe, na watu wakampisha kwa mshangao.

Wajumbe wa Baraza waliinuka vitini walipomwona yule mdudu. Hata aliyekuwa akisinzia aliamka. Tangu wazaliwe, wazee wale hawakuwa wamemwona malkia wa namna ile.

“Ni wa nani?” mmoja akanong’ona.

“Wa mzinga wa hamali,” Kalunde akajibu, na sauti yake ikajaa ukumbi. “Hakusomewa jina hata moja. Alikula chavua ya kishonanguo mnachokikanyaga. Alinyweshwa na nyuki wachanga msiowapa kazi. Alipata joto, alipata wingi wa mikono, na alipata haya yote mapema, kabla hajachelewa. Basi. Na mnajua wenyewe kwamba sisemi juu ya nyuki peke yake. Chukueni mtoto yeyote wa mtaroni, mumlishe, mumkumbatie, msimcheleweshe, halafu mje mniambie damu yake ina kasoro gani.”

Dirishani, juu, pazia la Bibi Mtukufu lilitikisika kidogo. Kalunde akasubiri wapandwe na hasira, na moyoni aliitamani hasira hiyo. Angejua la kuifanya. Bwana Dhuria hakukasirika. Alikisogelea kitundu, akainama, akamtazama malkia kwa muda, na uso wake ukaangaza kwa furaha ya kweli.

“Mgeni ametufanyia kazi kubwa,” alisema. “Wote tunajua kwamba mnyonge hazai mtukufu. Huyu ni mtukufu, kila mwenye macho anaona. Basi aliyemzaa hakuwa mnyonge.”

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Wasomaji wakaitwa. Walikohoa, wakatazamana, kisha mkubwa wao akaanza kuimba, na kadiri alivyoimba ndivyo alivyozidi kuamini: jinsi ambavyo katika enzi ya bibi wa Bibi Mtukufu malkia mmoja wa tumbo tukufu alipeperushwa na upepo wakati wa sherehe, akaanguka bondeni, akaishi mafichoni katika mizinga ya watu duni bila kuwaambia yeye ni nani. Wazee wawili walilia. Pande mbili zilizogombana miaka yote zikashikana mikono. Sheria ikafuata yenyewe, kama jiwe linaloporomoka mlimani: malkia mwenye nasaba havuki mpaka wa nchi. Kitundu kikachukuliwa taratibu kutoka mikononi mwa Kalunde na kuwekwa juu ya marmari.

Alipiga kelele. Alisema mengi, na baadhi ya maneno hayakuwa na adabu. Walimsikiliza kwa subira, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa.

Hawakukomea hapo. Mahali alipozaliwa mtukufu hapawezi kuachwa na magugu. Kalunde aliporudi bondeni mbio aliwakuta watumishi wa Baraza na majoho yao, wameshang’oa nusu ya kishonanguo na wanashusha mawe ya kusakafia ua. Mwana Rehani alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kifuani, akiwatazama.

Kalunde alisimama mbele yake. Ndani ya mzinga, nyuki walikuwa wameanza tena kuvuma. Alijua la kuomba, na hakuwa amewahi kuomba kitu kigumu namna hiyo. Alikuwa mtu wa kudai.

“Nimekuharibia ua,” alisema mwishowe.

“Umeniharibia.”

“Ningekusikia, sasa ningekuwa naenda na malkia wangu. Wewe uliniambia. Nilitaka wanione.”

“Wamekuona, dada. Wameona walichotaka.”

Mawe yakaanguka. Kalunde akapiga magoti, pale kwenye matope ya mtaro, na akaomba kurudishiwa zawadi aliyoitoa. Hakujitetea, hakutaja maboga wala watu wake. Mwana Rehani alikuwa ameyasikia hayo yote. Mjane alimwacha pale kwa muda uliomtosha kuifikiria barabara ya mawe.

“Simama,” alisema. “Mimi nina mizinga yenye mayai kila siku ya Mungu. Nilichokuwa sina ni kujua, na hicho hawawezi kukisakafia.” Akawatazama wale watumishi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Tena tazama majoho yao. Kuanzia magotini kwenda chini ni mbegu tupu. Wanakwenda kuzisambaza Kasrini kwa miguu yao wenyewe.”

Akaingiza mkono chini ya kanga, akatoa lile ganda la nta lenye joto la mwili wake, akalisogeza chini ya kanga ya Kalunde kwa vidole viwili, ncha ikiangalia chini. Wakafunga mzinga pamoja. Hawakuagana sana.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi alipofika langoni. Ng’ambo ya mpaka majabali yalionekana, na juu yake, mahali pasipofikiwa na ngazi ya mtu, mistari myeusi ya makundi ya nyuki wa mwitu, wenye madume yanayoruka yatakavyo. Alitaka kufika huko tu. Amri ya Baraza ilikuwa imemtangulia. Walinzi waliufungua mzinga wa gome, wakapekua sega baada ya sega, wakafuta jasho, wakaumwa, wakatangaza kwamba hamna malkia. Nyuki watumishi hawana nasaba, wapite. Kisha yule mkubwa wao akaona jinsi mgeni alivyokuwa akiuweka mkono wake kifuani.

“Umeficha nini hapo?”

Uongo ulikuwa tayari ulimini, na ulikuwa uongo mzuri: kidonda, hirizi, maziwa yaliyoganda. Kalunde akaumeza. Alikuwa amekwisha kupiga magoti mara moja siku hiyo, mbele ya mtu aliyestahili.

“Malkia,” akasema.

Mlinzi akamwamuru aonyeshe. Akaonyesha. Wote wakainama juu ya kile kiganda cha nta chenye makunyanzi.

“Wa nani?”

“Wa mzinga wa hamali. Mama yake hajulikani. Baba yake hajulikani. Hajazaliwa bado.”

Mkubwa wa walinzi akawageukia wenzake ili ahakikishe wamesikia. Kisha akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata, wakicheka mpaka wakashikiliana mabega. Malkia wa mtaroni! Hajazaliwa! Mmoja akampigia saluti. Lango likafunguliwa kwa upana wake wote, kama linavyofunguliwa kwa wageni wa heshima, na wakajipanga safu mbili apite katikati.

Alipita kichwa juu. Alipokanyaga udongo usio wa Nasabani alihisi kitu kifuani: mkwaruzo mdogo, mkali, wa meno yanayokata nta kutoka ndani. Mzinga ulikuwa mgongoni, kivuli cha kusimama afungue mzinga hakipo, na malkia hasubiri.

Kalunde akaanza kukimbia, na nyuma yake wakazidi kucheka, wakidhani anakimbia aibu.